Alinibusu Mbele ya Kaka Yangu

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, usihangaike. Aibu yangu ni fupi kuieleza. Kirefu ni kile kilichofuata.

Folau, mchumba wangu, alirudi kutoka Australia alikokwenda kuchuma matufaha msimu mzima. Tulikwenda kumpokea uwanja wa ndege mimi, baba, mama na kaka yangu Salesi, ambaye ndiye aliyebeba shada la maua la kumvisha shemeji yake. Folau akatoka, akatupa begi, akanikumbatia, akanibusu.

Si shavuni, kwa kugusisha mashavu na kuvuta pumzi puani kama wanavyosalimiana watu wenye adabu zao. Mdomoni! Na kaka yangu amesimama ubavuni mwetu, shada mkononi.

Salesi alilitupa shada chini, kisha akamtupa Folau juu yake. Jino la mbele la mchumba wangu lilibaki palepale uwanja wa ndege. Tangu siku ile Salesi hakukanyaga nyumbani, na mimi hapa mjini kwetu Neiafu nikapewa majina ambayo mhariri wa gazeti hili amekataa kuyachapa.

Haya, tuendelee na msiba.

Jumatatu Folau alitakiwa kupanda ndege kurudi kazini. Asiposamehewa kabla ya hapo, hakuna harusi. Hilo alilisema Shangazi Lavinia, dada mkubwa wa baba, na kwetu shangazi akishasema, baba ni mkeka tu, kazi yake kukaliwa.

Basi Jumamosi asubuhi wakaja kuomba radhi.

Folau alitangulia. Kiunoni alijifunga mkeka uliochanika, shingoni alivaa majani ya mti wa ifi, kama anavyotakiwa mtu aliyekosa kosa zito. Akaketi chini, kwenye mchanga mtupu mbele ya baraza yetu, akainamisha kichwa. Ukishakaa hivyo, huinuki mpaka uliyemkosea akuondolee majani. Ukiinuka mwenyewe, umezitupa radhi zako na hutarudi kuziomba tena.

Nyuma yake alikuja mama yake, Manusiu, mjane, amekumbatia mkeka laini uliokunjwa. Mwisho akaja Silia, dada yake Folau, na mzizi wa kava, kinywaji chetu cha heshima, begani. Silia ni sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa letu, kwaya anayoifundisha baba yangu. Tangu nichumbiwe tunaitana wifi.

Shangazi alikuwa kitini barazani, anajipepea. Baba alikaa nyuma yake kwenye mkeka. Mama alikuwa kando, anakuna nazi. Mimi niliamriwa nikae ndani, nyuma ya pazia.

"Nani huyo?" Shangazi akauliza, na alikuwa amewaona tangu wako barabarani.

"Ni Folau, Shangazi," nikajibu.

"Folau yupi? Yule mwenye mdomo?"

Majirani waliokwisha kujaa uani wakacheka. Mdomo wa Folau ulikuwa bado umevimba.

Manusiu akapiga magoti. "Mheshimiwa, tumekuja na majani shingoni. Mtoto amekosa. Ameishi na watu wengine, akasahau anatoka wapi. Tumeleta kidogo tulichojaliwa."

Akaufungua ule mkeka. Wanawake wote uani wakanyoosha shingo, maana kila mmoja aliujua. Ulifumwa na bibi yake, na Manusiu aliuweka miaka yote ili siku yake ikifika azikwe nao.

Shangazi akaushika ncha kwa vidole viwili.

"Unanuka panya."

"Ni wa zamani, mheshimiwa."

"Na wewe ni wa zamani, mbona hunuki? Haya, utandikeni kitini. Kiti hiki kinaniumiza."

Ukatandikwa. Shangazi akaukalia, akajisogezasogeza mpaka akatosheka.

"Mkeka nimepokea," akasema. "Msamaha sijasema."

Jua likaanza kupanda. Folau yuko pale pale. Jasho likamtoka shingoni, likalowanisha majani, kisha likakauka, na majani nayo yakanyauka. Nzi wakagundua ule mdomo. Hakuwafukuza, kwa sababu mtu aliye chini ya majani hanyanyui mkono.

Wanakwaya wakapita kwenda mazoezini. Shangazi akawaita.

"Njooni, njooni! Njooni muone mwanamume wa sinema! Tena leo bure, hamlipi kiingilio."

Wakaja. Nani angekataa?

"Hebu tuambie, kijana. Huko Australia mnabusiana wapi tena? Sokoni? Makaburini? Mchungaji akiomba dua, ninyi mnaendelea tu?"

Manusiu akajifunika uso kwa kiganja. Shangazi akaagiza beseni la maji yaliyooshewa samaki, akayamwaga mwenyewe kwa utaratibu, karibu kabisa na magoti ya Folau. Nzi wakaongezeka.

Nikashindwa. "Shangazi, apewe hata maji ya kunywa!"

"Mpelekee."

Nikashika kikombe.

"Ila mpelekee kwa mdomo, kama mlivyozoea."

Kicheko kilichopigwa pale nakisikia mpaka leo. Nilirudisha kikombe. Niliona haya kuliko siku ile ya uwanja wa ndege, na nilimchukia Shangazi kwa moyo wangu wote.

"Na wewe usijifiche nyuma ya pazia," Shangazi akaendelea. "Dada ni kichwa cha kaka yake, hata akizaliwa kitinda mimba. Mimi ni kichwa cha baba yako. Muulize kama amewahi kunipinga."

Baba akatazama vidole vyake vya miguu.

"Umeona? Sasa kichwa kikishalambwa hadharani, mabega yaweke wapi sura? Salesi anatembea mji huu anachekwa kwa ajili yako. Kaka yako asiyeweza hata kubaki sebuleni televisheni ikionyesha watu wameshikana mikono na wewe upo! Mama yako alikulea au alikufuga?"

Mama alizidi kukuna nazi.

Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikaenda jikoni uani. Silia alikuwa huko, ametumwa kusaidia kufunga lu, chakula chetu cha nyama na tui, kwenye majani. Nilipofungua kopo la nyama na kumimina tui, akaziba pua, akakimbilia nyuma ya kibanda. Nikamsikia akitapika.

"Wifi, una nini?"

"Joto tu."

"Joto la miezi mingapi?"

Akaangua kilio. Nikamshika mkono, nikamkalisha kwenye gogo. Mkeka wake wa kiunoni, vazi letu la heshima, ulikuwa umefungwa juu kuliko kawaida, nami mjinga siku zote sikuona.

"Ni ya nani?"

"Usiniulize."

"Wifi, sema. Mimi si mtu wa nje."

"Ningemwambia mtu yeyote kisiwa hiki," akasema. "Hata mchungaji ningemwambia. Ila si Folau. Na si wewe, Toakase. Wewe siwezi."

Si Folau, hilo nilielewa: ni kaka yake, afadhali afe kuliko kumtajia jambo kama hilo. Lakini mimi? Kwa nini si mimi?

Halafu ikaniingia. Duniani kuna mtu mmoja ambaye mapenzi yake hayatajwi masikioni mwangu. Naye huimba besi kwenye kwaya ile ile, safu ya nyuma ya Silia.

Salesi!

Aliyemvunja mtu jino kwa ajili ya busu. Nilishikwa na hasira. Na nyuma ya hasira, msomaji, ikaja furaha. Sikuficha wakati ule moyoni mwangu, na leo sifichi. Nilikuwa nimepata fimbo.

"Anajua?" nikauliza.

"Anajua."

"Anasemaje?"

"Anasema ninyamaze mpaka Folau arudi Australia. Baadaye atatafuta njia." Akanishika magoti. "Wifi, nakuomba kwa jina la Mungu. Usiseme. Mama atakufa."

"Sitasema."

Ahadi ile haikudumu hata mpaka jua lizame.

Mchana, watu wakiwa wamekula na Folau hajaonja hata tone la maji, Salesi akafika. Hakuingia uani. Alisimama chini ya mshelisheli karibu na ua, ameipa nyumba mgongo, kwa sababu alijua mimi nimo.

"Mwenye kidonda amekuja," Shangazi akatangaza. "Salesi, mwanangu, huyu hapa. Sema mwenyewe. Ukitaka akae hapa mpaka aote mizizi, atakaa."

Salesi akakwangua gome la mti kwa ukucha. Kisha akasema:

"Namsamehe."

Uani watu wakashusha pumzi. Manusiu akaanza kulia kwa furaha, akatambaa kwenda kumshukuru. Nami, nimesharudi nyuma ya pazia, nikaziba mdomo nisipige kelele.

"Aondolewe majani, apewe maji, aende zake," Salesi akaendelea. "Lakini dada yangu hamwoi. Nyumba ile na nyumba hii zisichangamane. Si sasa, si baadaye."

Manusiu akakatisha kutambaa. "Mwanangu, sasa huo ni msamaha gani?"

"Ndio nilio nao."

Shangazi akatabasamu. "Mmesikia. Mimi sina la kuongeza."

Nikalisukuma pazia, nikatoka.

Nilisikia wanawake wakiguna. Kaka na dada, na jambo lenyewe ni la mapenzi, na dada anatoka kusimama mbele za watu! Salesi akasikia nyayo zangu. Bila kugeuka, akasema neno la kwanza aliloniambia tangu uwanja wa ndege:

"Rudi ndani."

"Sirudi."

"Toakase, rudi. Kwa faida yako."

Kwa faida yangu! Nikasema moyoni: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Niliichukulia sauti ile kuwa ya mtu anayeogopa kuumbuliwa.

Wanaume wetu wakikaa kwenye kava na utani ukaanza kumgusa msichana fulani, na kaka yake yumo katika duara, mmoja atakohoa aseme, "Kuna ndugu hapa." Basi. Mazungumzo yanakatwa palepale, na kila mtu anaelewa yalikuwa yanaelekea wapi. Maneno hayo huyasema mwanamume, kwa adabu, ili kuficha aibu. Mimi niliyasema kuifichua.

"Shangazi, nina neno juu ya aibu hii. Ila siwezi kulisema. Kuna ndugu hapa."

"Tunajua. Wewe na kaka yako. Ndiyo maana unaambiwa uingie ndani."

"Kuna wengine."

Nikamtazama Folau. Kisha nikamtazama Silia, pale mlangoni pa jiko, mikono imejaa unga wa nazi. Nikaacha macho yangu kwake mpaka watu wote wakayafuata.

"Mamaa!" mwanakwaya mmoja akasema.

Manusiu akamgeukia binti yake. Akatazama uso, akatazama ule mkeka wa kiunoni ulivyofungwa. Mama ni mama, hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Na Folau, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akainua kichwa.

Ningeishia hapo. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nilikuwa nimeshika beseni zima.

"Muulizeni huyo aliyesimama pale kwenye mti," nikasema. "Amevunja jino la mtu kwa sababu ya busu. Yeye amevunja nini?"

Salesi akageuka. Nilitegemea hasira. Haikuwapo. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto anayecheza karibu na kisima.

"Kase," akasema, jina la utotoni. "Umefanya nini?"

Shangazi alikuwa ameshazinduka. Akapiga pepeo lake gotini.

"Tangu lini dada akatoa ushahidi wa mambo hayo juu ya kaka yake? Huo ni uchafu, mimi siupokei. Kama kuna jambo, msichana ana mdomo. Aseme mwenyewe."

"Atasemaje na kaka yake yupo?" Manusiu akalia.

"Basi kaka yake aondoke. Nani kamfunga kamba?" Akaegemea vizuri juu ya mkeka wa maziko wa mwenzake. "Ila akiinuka kabla hajaondolewa majani, radhi zimekufa, na hata hicho kimsamaha cha Salesi kimekufa. Na harusi isitajwe tena mbele yangu. Chagua, kijana. Dada au mchumba?"

Folau akikaa, dada yake hawezi kufungua kinywa, atabaki na tumbo lisilo na mwenyewe. Akiinuka, mimi na yeye basi.

Folau akaweka viganja chini kama anayetaka kujisukuma. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu.

"Toakase," akasema, na sauti haikutoka vizuri. "Niinuke au nikae?"

Mbele ya watu wote aliniuliza. Mama yake akanitazama. Silia akanitazama, yule aliyenishika magoti asubuhi ile ile.

"Kaa," nikasema.

Sikumfikiria Silia hata kidogo. Nilifikiri: ukweli umeshajulikana, Salesi ameshaaibika, sasa atalazimika kutuachia tuoane. Wifi atajua la kufanya.

Folau akarudisha mikono mapajani. Akakaa.

Hapo Manusiu akanyanyuka. Mjane yule mfupi, aliyetambaa asubuhi nzima, alinyanyuka akajipangusa mchanga magotini. Akaenda nyuma ya mwanawe, akamziba masikio kwa viganja vyake vyote viwili, akakibana kichwa chake kwenye tumbo lake kwa nguvu mpaka majani yakapukutika.

"Haya," akasema. "Kaka hayupo. Sema, mwanangu."

Shangazi akafungua mdomo kukataza. Lakini hakuna mkubwa yeyote aliyewahi kutunga sheria ya jambo lile.

"Mama, asiseme!" Salesi akaruka ua, akaja mbio mpaka katikati ya uwanja. "Asiseme kitu! Nasema mimi. Ni mimi. Mimba ni yangu, nitamwoa, yaishe. Nipeni majani nivae mimi."

Nilitaka kupiga vigelegele. Nimeshinda! Nyani hatimaye ameona kundule. Nikamgeukia Shangazi nimwone anavyoanguka.

Lakini Silia alikuwa anatikisa kichwa.

"Si yeye," akasema.

"Silia, nyamaza," Salesi akamwambia, na sasa alikuwa analia. "Nimekuomba."

"Si yeye, mama. Yeye alinikuta nalia kanisani baada ya mazoezi, akanibana nikamwambia. Amekuwa ananificha tu. Ananificha mimi, na anamficha..."

Akanitazama mara moja, kwa huruma iliyonichoma. Wewe siwezi, alikuwa ameniambia.

"Msichana huyu ana wazimu," Shangazi akasema, ila sauti yake ilikuwa imepungua.

Silia hakumtazama Salesi wala Shangazi. Nikafuata macho yake. Yalipita juu ya kichwa cha Folau, yakapita kiti kilichotandikwa ule mkeka, yakatua nyuma yake.

Baba yangu alikuwa ameinama, anapapasa chini ya baraza akitafuta ndala zake.

Mama alikuwa amezikanyaga.